Tarakimu na Mikono: Maoni kuhusu Ufundishaji wa Evaristo Muyinda

Nimewaona wenzangu wanaosoma muziki hapa Kampala wakijifunza wimbo wa amadinda kwa kutazama karatasi. Karatasi ina mistari miwili ya tarakimu, kuanzia 1 hadi 5, na kila tarakimu ni sauti moja ya marimba. Anayejua kuhesabu anaweza kuupata wimbo wa ikulu ya Buganda kwa alasiri moja bila kumwona mzee yeyote. Hilo si jambo dogo, wala sikusudii kulidharau. Katika makala haya nadai tu kwamba karatasi hiyo imebeba nusu ya kile alichokifundisha Evaristo Muyinda, na kwamba nusu iliyoachwa nje ndiyo ngumu zaidi kuirudisha ikishapotea.

Muyinda aliishi kati ya 1914 na 1993. Alikuwa mwanamuziki wa ikulu enzi za Kabaka Mutesa II, na pia kwa miaka mingi alipiga na kufundisha ala katika Jumba la Makumbusho la Uganda, ambalo wakati huo lilisimamiwa na mtaalamu wa muziki kutoka Ujerumani, Klaus Wachsmann. Mwishoni mwa 1959 alifika kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, akaketi mbele ya marimba ya Muyinda kama mwanafunzi. Mwaka 1960 Kubik alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu muundo wa muziki huo, na tarakimu tunazozitumia leo zinatoka kwenye kazi yake na zile zilizofuata. Kabla yake Muganda Joseph Kyagambiddwa alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu kuhusu muziki wa Baganda huko New York mwaka 1955, kwa hiyo tusiseme kwamba kuandika nyimbo hizi kulianza na mgeni. Lakini aliyemfundisha mgeni huyo hadi akaweza kuandika ni Muyinda, na ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Amadinda ina vibao 12 vilivyolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji ni watatu. Wawili wanaketi wakitazamana, mmoja kila upande, kila mmoja ana vijiti viwili. Kwa kuwa muziki wa Kiganda una sauti tano, kibao cha kwanza na cha sita ni sauti ileile, chini na juu. Cha pili na cha saba vivyo hivyo. Mikono miwili ya mpigaji huenda pamoja siku zote, umbali wa vibao vitano, kama jozi ya ng'ombe wa kulimia. Mkono wa kushoto haufanyi jambo lake, wala wa kulia lake. Anayetoka kwenye piano hupata shida hapo, kwa sababu amefundishwa kwamba ufundi ni kuifanya mikono yake iachane. Katika amadinda mikono yangu inashikamana. Inayoachana ni mikono yangu na yako.

Mpigaji wa kwanza hutangulia na sehemu iitwayo okunaga. Wa pili huingia na okwawula, akipiga kila pigo lake katikati kabisa ya mapigo mawili ya mwenzake. Wakifika kwenye kasi ya kawaida, mapigo yao yakiunganishwa hupita 500 kwa dakika, na sikio haliwezi tena kusema hili ni la nani.

Nimesoma kazi kadhaa za wanafunzi ambazo zimetafsiri okwawula kwa Kiswahili kama "kiitikio". Naona tafsiri hiyo inapotosha. Katika kuitikia kuna mwenye kauli na kuna mwenye kuipokea; mmoja husema, mwingine hungoja zamu. Neno la Kiganda lenyewe lina maana ya kutenganisha, kugawa, kupambanua. Anayefanya okwawula hangoji. Anaingia kwenye nafasi finyu ambayo mwenzake ameiacha bila hata kuiona, na anaigawa. Kwa Kiswahili ningependelea tuseme "kutia kati", ingawa hata hapo kinapotea kitu, maana neno letu halielezi kwamba wimbo wa anayetia kati ni mzima kama wa aliyetangulia. Sisi tunaosoma Kiswahili katika jiji ambalo wengi bado wanakikumbuka kama lugha ya wanajeshi tuna wajibu wa kuchagua maneno kama haya kwa uangalifu, la sivyo tutawaambia wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa kwamba muziki wa jirani yao ni wa mkubwa na mdogo, kumbe sivyo.

Jambo kubwa ambalo Kubik alilipata kwa Muyinda linahusu nafasi hiyo finyu. Aligundua kwamba wapigaji hawana hesabu moja wanayoishiriki, ambayo mmoja yuko juu yake na mwingine pembeni yake. Kila mmoja huyachukulia mapigo yake kuwa ndiyo msingi. Wa pili hasikii kwamba yuko "katikati". Kwake yeye ni yule wa kwanza aliye katikati. Mtu akilisoma hili kwenye kitabu atatikisa kichwa kukubali. Akilijaribu kwa vijiti, atavutwa na mwenzake ndani ya pigo la tatu au la nne, na wote wawili watajikuta wanapiga pamoja kama watwangaji waliochoka. Kinga dhidi ya mvuto huo haimo katika tarakimu. Iko kwenye kifundo cha mkono, kwenye urefu wa kunyanyua kijiti, kwenye kiuno kilichotulia. Hupatikana kwa kuketi mbele ya mtu ambaye mikono yake haiyumbi hadi yako nayo iache kuyumba.

Yupo pia mpigaji wa tatu, na huyu ndiye anayenivutia kuliko wote. Amepewa vibao viwili tu, vile vya juu kabisa, na sehemu yake inaitwa okukoonera. Kazi yake ni kuzisikiliza sauti mbili za chini zinapojitokeza kutoka kwa wapigaji wote wawili na kuzirudia juu. Sauti hizo haziko kwa mmoja wao. Baadhi zinatoka kwa wa kwanza, baadhi kwa wa pili, na mpangilio unaotokea haukupigwa na mtu yeyote. Umejengwa na sikio. Kubik aliandika mengi kuhusu mipangilio ya namna hii, inayosikika ingawa hakuna mkono uliokusudia kuipiga. Kwa hiyo wa tatu ni msikilizaji aliyekabidhiwa vijiti. Kwenye karatasi sehemu yake mara nyingi haiandikwi kabisa, kwa sababu inaweza kukokotolewa kutoka kwenye mistari miwili ya kwanza. Ni sahihi kihesabu. Lakini mwanafunzi aliyeikokotoa hajafanya alichokifanya yule aliyeisikia, hata kama vibao vimelia vilevile.

Simlaumu Kubik. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba muziki huu ni mwendo wa mwili kama ulivyo sauti, na alijua hivyo kwa sababu alijifunza kwa kupiga. Kosa liko kwetu tuliozichukua tarakimu tukaacha maelezo.

Ushahidi wangu wenye nguvu zaidi ni entenga. Entenga ni ngoma za ikulu, ngoma 15 kwa jumla. Kumi na mbili kati yake zimewambwa zitoe sauti zilezile za amadinda, na hupigwa kwa vijiti na watu wanne. Tatu zilizobaki hupigwa na watu wawili. Hugh Tracey alizirekodi katika ziara zake za 1950 na 1952. Kisha, tarehe 24 Mei 1966, jeshi la serikali ya Milton Obote liliishambulia ikulu ya Lubiri pale Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza, falme zikafutwa mwaka uliofuata, na wapigaji walionusurika wakatawanyika vijijini. Ufalme uliporudishwa mwaka 1993, mwaka uleule aliofariki Muyinda, entenga ilikuwa imenyamaza kwa zaidi ya robo karne.

Sasa tazama hesabu yake. Nyimbo za entenga na za amadinda ni zilezile kwa mpangilio. Tarakimu zipo. Rekodi za Tracey zipo. Mafundi wa kuwamba ngoma wapo, ukipita Mpambire kwenye barabara ya Masaka utawaona wamezipanga kando ya lami. Kama tarakimu zingekuwa ndio muziki wenyewe, kikundi chochote cha vijana kingeweza kuifufua entenga wakati wowote. Haikuwa hivyo. Katika muongo wa 2010 James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo na wenzake walipoamua kuifufua, walimtafuta mzee aliyewahi kuipiga, Musisi Mukalazi, mmoja wa wachache sana waliokuwa bado hai, naye akawafundisha vijana. Walihitaji kujua mtu anakaa wapi kati ya ngoma nyingi kiasi hicho, kijiti kinashikwaje, ngozi inaguswa sehemu gani, mkono wa jirani unapishwa vipi. Mambo hayo yalikuwa yamehifadhiwa mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa mtu mwenye umri mkubwa. Angefariki miaka michache kabla, tungebaki na nyimbo zote na bila entenga.

Katika ngoma za mikono mitupu jambo hili ni wazi hata zaidi. Mzee mmoja aliyewahi kunifundisha engalabi, ile ngoma ndefu ya ngozi ya kenge, hakuwahi kunitajia jina la pigo lolote. Nilipopiga vibaya alikishika kiganja changu akakisogeza upana wa vidole viwili kuelekea ukingoni, akakiachia. Nilipoandika baadaye "pigo la ukingoni" kwenye daftari langu, nilikuwa nimeandika mahali, sikuwa nimeandika namna. Ngozi ikiguswa palepale na vidole vilivyokaza inalia; ikiguswa na vidole vilivyolegea inanung'unika.

Muyinda mwenyewe si mtu wa kusifiwa bila kuulizwa swali. Katika ikulu kila ala ilikuwa na kundi lake, na makundi hayo yalikaa mbalimbali. Yeye alizileta pamoja marimba, mazeze ya endingidi, filimbi za endere na ngoma katika kile kilichokuja kujulikana kama okestra ya Kiganda. Wapo wanaoona kwamba huo ulikuwa mwanzo wa vikundi vya hotelini, ambavyo huchanganya kila kitu kwa dakika arobaini ili watalii wawahi chakula. Nakubali sehemu ya lawama hiyo. Okwawula inahitaji ukimya kuizunguka ili isikike, na zeze likilia juu yake msikilizaji hufuata zeze. Hata hivyo, naona alichagua hasara ndogo. Baada ya 1966 hapakuwa tena na ikulu ya kuzitenga ala hizo. Kundi moja la watu saba au wanane lilikuwa linaweza kuishi. Makundi matano yasingeweza.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu nadhani tatizo hili ni letu pia. Tunafundishwa ushairi kwa kuhesabu. Mizani 16 katika mshororo, 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho, kituo au kibwagizo. Tunaweza kuupasua utenzi mzima kwenye karatasi ya mtihani na kupata alama nzuri bila kuwahi kuusikia ukighaniwa, ingawa tungo hizo zilikusudiwa kughaniwa na kuimbwa. Mizani ni tarakimu zetu. Zinaeleza wapi sauti inaangukia, hazielezi pumzi. Nimemsikia mwenzetu aliyelelewa Mombasa akighani ubeti ambao sote tulikuwa tumekwisha kuuchambua, na nikatambua kwamba mahali tulipoweka mkwaju wa kutenganisha vipande yeye hakupumua hata kidogo. Alipumua baada ya silabi mbili. Hakuna mwalimu wala kitabu kilichokuwa kimetuambia hivyo.

Nirudi kwenye amadinda. Nimeshuhudia mtihani wa vitendo katika chuo fulani ambapo kila mwanafunzi aliitwa peke yake, akapiga okunaga mbele ya watahini, akatoka. Akaja mwingine akapiga okwawula, naye peke yake. Wote walifaulu. Okukoonera haikutahiniwa, na isingeweza kutahiniwa kwa utaratibu huo, kwani mtu wa tatu hana cha kusikiliza chumbani akiwa amekaa na watahini wawili walionyamaza. Naelewa sababu: cheti ni cha mtu mmoja, na mzazi analipa karo ya mtu mmoja. Pendekezo langu ni kwamba watatu waingie pamoja, wapige wimbo mmoja, kisha wabadilishane nafasi hadi kila mmoja awe amekaa sehemu zote tatu, na alama itolewe moja kwa wote. Mhadhiri mmoja niliyemweleza hili aliniambia kwamba si haki, kwa kuwa mvivu atabebwa na wenzake. Nilimwomba aje siku moja aketi upande wa pili wa vibao na ajaribu kumbeba mvivu katika mapigo 500 kwa dakika. Bado tunapanga siku.