Heko, Wakunga wa Zahanati

Mtazame mkunga wa zahanati ya kijijini akimwinamia mjamzito: sikio kwenye kipembe cha kusikilizia, macho kwenye saa, anahesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Chumba kizima kinanyamaza. Usiku akigongewa mlango anaamka. Umeme ukikatika anawasha tochi. Na mama akishajifungua salama, ni yeye huyo huyo anayemweleza kuhusu uzazi wa mpango: kijiti, sindano na kitanzi, mlango umefungwa, siri ibaki siri.

Nchini Tanzania, utafiti wa 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukakuta 104. Sababu ni nyingi, lakini mikono ya wakunga imo. Hongereni sana. Na kwa kuwa mnagongewa milango usiku, halmashauri nazo ziwajengee nyumba karibu na zahanati.