Na sisi tunataka kucheka

Ukisema unasoma riwaya za mapenzi humu kambini utaulizwa: huna kazi? Mimi nasema, jamani, tafuteni Waiting to Exhale ya Terry McMillan, iliyotoka mwaka 1992. Ni wanawake wanne marafiki, wako Phoenix, Marekani. Bernadine akiachwa na mumewe anazichoma nguo za yule bwana, halafu anauza vitu vyake kwa dola moja moja. Utashika mbavu!

Kasoro zipo. Matusi ni mengi, na wanaume wengi humo ni waongo tu, kama vile hakuna wengine. Lakini Gloria, mwenye saluni, anapopata shambulio la moyo, wenzake wanamkimbilia hospitali. Hapo unaona kwamba kicheko chote kile kilikuwa kinajenga undugu.

Ndugu zetu wa mashirika, mkileta vitabu, msituletee vya vita peke yake. Vita tunaijua. Mama aliyepanga foleni ya mgao tangu alfajiri, jioni naye anataka kujua kama Gloria atampata yule jirani yake.