Ufundi wa Kusimama Barafuni

Anayeingia mara ya kwanza kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, hutekwa na mbio. Si ajabu. Mtu mzima aliyevaa kofia ngumu na kinga za mabega anapokujia kasi namna ile, macho hayana pengine pa kwenda. Mimi siku hizi mbio naziacha zipite. Ninachongojea ni pale mchezaji anapofunga breki, maana hapo fundi hujitenga na anayebahatisha.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 2005, na mwanzoni hoki ya barafuni ilikuwa starehe ya wageni, hasa watu wa Amerika Kaskazini waliokuwa wakifanya kazi Nairobi na kukumbuka kwao. Wakenya walioingia baadaye hawakutoka kwenye theluji. Wengi walitoka kwenye viatu vya magurudumu, wakaja na miguu iliyozoea lami. Mwaka 2016 wakaunda timu, wakaiita Ice Lions, chini ya kocha Tim Colby, Mkanada, na nahodha wao Benard Azegere. Ukitaka kuelewa ugumu wa kazi waliyojitwika, anza na hayo magurudumu.

Huku kwetu Nkoroi, kati ya Rongai na Kiserian, barafu tunayoijua ni ya friji ya duka, na ubaridi wa Julai unaoshuka kutoka Milima ya Ngong haugandishi hata maji ya kuku. Magurudumu lakini yapo. Penye kabro, iwe ni uani kwa ploti ya kupangisha au mbele ya kituo cha mafuta, hakosekani mtoto anayezunguka. Mwangalie anavyosimama. Anabaki na mguu mmoja mbele, wa pili anauburuta nyuma ukiwa mkingamo, na magurudumu yanaula mwendo polepole. Amefika mita kadhaa mbele ya pale alipotaka, na hana neno, kwani kabro ni ndefu. Mpande matatu ya 126, mshuke Nyayo, mdake nyingine ya Barabara ya Mombasa, umvalishe viatu vya barafuni: mbinu ileile itamtupa kwenye ubao unaozunguka uwanja. Ukiburuta kisu cha kiatu barafuni kinayumba, na mwili unaendelea na safari yake.

Kisu chenyewe ni chembamba, kama milimita 3 hivi. Ukikigeuza juu utaona hakiko bapa. Kimechongwa mfereji wa urefu wote, kutoka kisigino hadi kidoleni, na mfereji huo ndio unaoacha makali mawili, ya ndani na ya nje. Kila kitu katika mchezo huu kinafanyika juu ya hayo makali. Kuna wachezaji wanaoyapima kwa kupitisha ukucha juu yake, wauone unakwanguka. Wengine hulaza sarafu juu ya kisu na kuitazama kwa jicho moja. Ikiinama upande mmoja, mnoaji amekosea, kali moja liko juu ya jingine, na mguu huo utamsaliti mwenyewe kwenye kona.

Sasa tazama mwenye kujua anavyosimama. Anakuja kwa kasi, magoti yamekunjwa. Kwa nukta moja anaupunguza uzito wake, kana kwamba anataka kuruka halafu akaghairi, na katika nukta hiyo kiuno kinageuka na visu vyote viwili vinakaa mkingamo wa mwendo. Mabega hayageuki, yanabaki yakitazama anakokwenda. Kisha uzito unarudi chini wote kwa pamoja, magoti yanazama zaidi, mwili unalala nyuma. Mguu wa mbele unakwangua kwa makali ya ndani, wa nyuma kwa ya nje, na barafu inaruka kama maranda chini ya randa ya seremala. Siri iko kwenye pembe. Kisu kikisimama wima mno kinang'ata, na mchezaji anapinduka. Kikilala mno kinateleza tu. Kati ya kung'ata na kuteleza pana nafasi ndogo sana ambayo haielezeki kwa maneno. Mguu huitafuta wenyewe, huikosa, huitafuta tena. Zaidi ya hapo, barafu yenyewe haitulii. Ya hoki hutakiwa iwe karibu nyuzi 5 chini ya sifuri, na ikilegea kwa joto kisu huzama zaidi ya kilivyozama jana.

Bila ufundi huu hakuna hoki. Chukua mstari wa buluu, mpaka wa eneo la wapinzani. Mshambuliaji haruhusiwi kuuvuka kabla ya kisahani, kile kipande cha mpira mweusi chenye unene wa sentimita 2.54. Mwenzake mwenye kisahani akichelewa, yeye aliyekuja mbio lazima akwamie pale pale, mguu mmoja ukiugusa mstari, wa pili tayari uko ng'ambo. Anayesimama kwa kuzunguka duara kubwa atakuwa ameshaotea, au ameshapitwa na nafasi. Na kipa, ambaye watu hudhani hana shughuli na miguu, husimama mara nyingi kuliko wote. Anajisukuma kutoka nguzo moja hadi ya pili, na lazima awe ametulia kabla shuti halijapigwa. Kipa anayefika huku bado anateleza amefungwa tayari.

Uwanja wa Panari ni mdogo, haufikii hata kidogo mita 60 za uwanja wa mashindano. Watu huutaja udogo huo kama msiba, na ni kweli huwezi kuandaa mechi ya mataifa pale. Lakini naona umewafunza Ice Lions kitu ambacho uwanja mkubwa ungewadekeza wasikijue. Hatua chache tu na ubao umefika. Hapo ama unasimama ama unaumia. Gharama yake huja wakitoka nje: mbio ndefu hawajazizoea, na nafasi kubwa kati ya mchezaji na mchezaji inawachanganya. Mwaka 2018 walipopelekwa Toronto na kampuni ya Tim Hortons, wakacheza wakiwa na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon upande wao, ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza na timu nyingine. Hadi hapo walikuwa wakichezana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akijua mwenzake hugeukia wapi.

Hilo la kuchezana wenyewe ndilo linaloanza kubadilika. Septemba 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni, IIHF, ambako Afrika Kusini, Moroko, Algeria na Tunisia walikuwa wameshatangulia. Kutoka hapo hadi kundi la juu la ubingwa wa dunia, lenye mataifa 16, ni mbali kweli, na sioni haja ya kudanganyana. Niliitazama kwenye simu fainali ya Mei 2025 ya Stockholm, Marekani na Uswisi, sufuri kwa sufuri hadi muda wa nyongeza, ambao huchezwa watatu kwa watatu. Tage Thompson akafunga, Marekani ikashinda 1–0. Wengi walilisifu shuti. Mimi nilikuwa nahesabu mara ambazo wachezaji wale walijisimamisha kabisa na kuanza upya, maana uwanja ukiwa wazi namna ile anayejua kukata mwendo humwacha beki akipita na upepo wake.

Nilichokiona zaidi ni kwamba walisimama kwa pande zote mbili. Kila mtu ana upande wake. Mwingine hugeuza kiuno kushoto bila kufikiri, kulia akafa ganzi. Mazoezini utamwona kocha akimrudisha mchezaji upande wake mbovu, kutoka ubao hadi ubao, akianguka, akiinuka, na mwenyewe amenuna kwa kuwa ule wa kushoto tayari anaumudu vizuri. Kwenye mechi ya mtaani udhaifu huo unafichika. Beki wa taifa jingine huugundua katika kipindi cha kwanza, na kuanzia hapo atakuwa anamsukumia kulia tu.