Mashine Isiyojua Kuhesabu

Kompyuta iliwaka, ikahesabu kumbukumbu yake, ikaandika kuwa inatafuta diski, na hapo ikaganda. Mtu mwenye haraka angebonyeza swichi papo hapo. Fundi aliiacha. Alisogeza kiti, akavaa miwani, akanakili kwenye daftari mstari wa mwisho kabisa chini ya skrini, ule wa tarakimu na herufi zilizoshonana ambao wengi wetu hatujawahi kuutazama. Ndio unaotaja tarehe ya BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya mazabodi, inayoamka kabla ya Windows na kutambua vifaa vilivyounganishwa. Tarehe ilikuwa ya mwanzoni mwa 1999. Akasoma lebo ya diski aliyoletewa: GB 160. Akaguna.

Karakana yake iko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kompyuta ni ya mzee mmoja anayehamisha kaseti za taarab zisije zikaozea kabatini, zikiwemo za Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoutangaza mji huo. Mzee hataki mashine mpya, na ana sababu: kadi yake ya kurekodia ni ya zamani, draiva zake ziliishia kwenye Windows XP, na sikio lake limeshaizoea. Kinachomsumbua ni nafasi. Sauti ya ubora wa CD hula takriban MB 10 kwa dakika, yaani MB 635 kwa saa. Diski yake ya GB 8 hujaa kwa saa 12 na ushei za muziki, na hapo Windows yenyewe haijahesabiwa.

Fundi alichomoa waya wa umeme ukutani, akafungua kasha kwa bisibisi ya nyota, skrubu akazipanga kwenye kisosi kwa mpangilio uleule wa kuzitoa. Kabla ya kugusa kitu ndani alishika chuma cha kasha kwa kiganja kizima, umeme tuli wa mwilini uishie huko. Alipangusa vumbi kwa burashi laini ya rangi, akianza na feni ya pawa saplai na kumalizia pembeni mwa sloti. Kisha akachomoa waya bapa wa diski kwa kuushika kwenye plagi yake, si kwa kuvuta utepe, akaugeuza kwenye mwanga. Hakuona mkunjo wala tundu lililozibwa pasipostahili. Akaurudisha.

Kazi ya namna hii inataka mtu ajue nani anahesabu nini. Zamani kila kipande cha data kwenye diski kilitajwa kwa namba tatu: silinda, kichwa na sekta. BIOS ilitenga nafasi ya silinda 1,024, vichwa 256 na sekta 63. Kiwango cha IDE cha kuunganishia diski, upande wake, kiliruhusu silinda 65,536, vichwa 16 na sekta 255. Kila upande peke yake ulitosha kabisa kwa wakati wake, ila ulipozikutanisha ulilazimika kuchukua namba ndogo katika kila jozi: 1,024 kwa 16 kwa 63. Zidisha kwa baiti 512 za kila sekta, unapata MB 528. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 ziligota hapo. Mpaka mwingine ulikuwa GB 8.4. Ukaja wa GB 33.8, ambapo BIOS nyingi za kampuni ya Award za kabla ya katikati ya 1999 hazikosei hesabu tu, huganda kabisa. Ukaja wa GB 137, kwa sababu anwani ilikuwa ya biti 28, hadi ilipoongezwa kuwa biti 48. Mipaka hii fundi ameiandika kwa kalamu ya wino kwenye jalada la ndani la daftari lake, pamoja na ule wa TB 2.2 uliokuja baadaye, ingawa anaijua kwa moyo.

Kwa hiyo tarehe ile ya 1999 ilikuwa imeshampa jibu. Nilidhani ataanza matengenezo. Hakuanza, alitaka kwanza jibu lithibitike. Aligeuza diski, akasoma mchoro mdogo uliochapwa kwenye lebo, unaoonyesha mahali pa kuweka jampa. Diski nyingi za enzi hizo zina mpangilio wa pini unaoifanya diski ijitangaze kuwa na GB 32 tu. Kwa kibano alichomoa kile kijampa, kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya mahindi, akakihamishia kwenye pini alizozitaka, akawasha. Mashine ikapita pale ilipokuwa ikiganda, ikaitaja diski kwa jina lake.

"Mzee," akasema, "diski yako haina ugonjwa. Waya nao mzima. Mashine ndiyo haijui kuhesabu."

Mzee akauliza kama asiachiwe hizo GB 32, maana ni mara nne ya alizokuwa nazo. Fundi alicheka kwa adabu, akarudisha jampa mahali pake.

Njia zilikuwa tatu, na alizipima kwa sauti ili mwenye mali asikie. Ya kwanza ni kuweka programu ya mtindo wa Disk Manager, inayojipachika mwanzoni mwa diski na kuidanganya BIOS. Hugharimu kidogo, lakini diski hiyo ukiihamishia mashine nyingine huenda ikaonekana tupu, na mwenye haraka ataifomati. Ya pili ni kuflashi BIOS, yaani kuandika upya programu ya chipu kwa kutumia flopi. Ni njia safi ikiwa mtengenezaji wa mazabodi alitoa toleo jipya, ila umeme ukikatika katikati ya kuandika, mazabodi inaweza isiwake tena. Sina haja ya kumweleza msomaji wa Tanzania kwa nini fundi huyu hupendelea kuepuka sekunde hizo. Tena toleo la kuvusha GB 33.8 si lazima livushe GB 137. Ya tatu ni kadi ya PCI yenye BIOS yake, inayochukua kazi yote ya kuhesabu. Alikuwa nayo kwenye droo ya chini, Promise Ultra133 TX2, ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli.

Aliiingiza kadi kwenye sloti kwa kusukuma ncha zote mbili kwa dole gumba, polepole, hadi meno ya shaba yakazama sawasawa, ndipo akaifunga skrubu. Waya aliubadilisha, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa wa nyuzi 40, na kwa kasi ya kadi hii unahitajika wa nyuzi 80. Plagi ni ileile ya mashimo 40. Nyuzi nyingine 40 zimelala katikati ya zile za data na kazi yake ni kuzuia kelele kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Plagi ya buluu kwenye kadi, nyeusi ya mwisho kwenye diski, ya kijivu ya katikati ikabaki wazi. Plagi ya umeme ilifuata: njano, nyeusi, nyeusi, nyekundu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: aliukunja waya bapa taratibu na kuulaza ubavuni mwa kasha, usizuie upepo wa feni.

Alipowasha, BIOS ya mazabodi ilitafuta diski mahali pake pa zamani, ikakosa, ikaendelea. Muda mfupi baadaye kadi ikaandika mistari yake yenyewe na kuitaja diski kwa ukubwa wake wote. Bado haikutosha. Aliingia kwenye Setup, akaondoa utafutaji wa diski kwenye mazabodi ili mashine isipoteze muda, akaweka SCSI ya kwanza katika mpangilio wa kuanzia. Diski si ya SCSI, kiwango kingine cha kuunganishia diski, lakini BIOS za wakati ule huziweka kadi za namna hii katika kundi hilo, na asiyejua hilo anaweza kuhangaika nalo mchana kutwa. Wakati wa kusakinisha XP alibonyeza F6 mwanzoni kabisa na kuipa flopi yenye draiva za kadi. Mfumo akaupa patisheni ndogo ya mbele, sehemu yote iliyobaki akaiacha kwa ajili ya sauti.

Skrini ilionyesha jumla ya GB 149, na mzee akakunja uso. Hapo utamjua fundi wa kweli. Mteja hulalamika vilevile akiona 149 au akiona 128, kumbe moja ni afya na nyingine ni maradhi. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja. Windows huhesabu 1,073,741,824. Diski nzima ya 160 ikihesabiwa na Windows huwa 149. Lakini 128 ni ule mpaka wa 137 kwa hesabu hiyohiyo ya Windows, na maana yake kuna GB zaidi ya 20 zisizofikika.

Baada ya hapo ningelipa na kuondoka. Fundi alivuta daftari. Namba kwenye skrini, alisema, ni ahadi tu. Mfumo usiojua anwani za biti 48 ukiandika kupita GB 137 unaweza kufanya kama mita ya gari iliyofika mwisho ikarudi sifuri: data inaangukia mwanzoni mwa diski, juu ya orodha ya patisheni na faili zilizotangulia. Mwenye diski hatajua hadi ijae, pengine baada ya mwaka, siku atakayokosa vyote kwa pamoja. Kwa hiyo alirekodi kaseti moja ya mzee, akaikokotolea alama ya MD5, ambayo hubadilika faili likibadilika, akaandika herufi na tarakimu zake zote 32 kwa mkono. Kisha akaanza kuijaza diski kwa nakala za faili kubwa, akaiacha usiku kucha. Hakujali Windows imeziweka wapi; diski ikijaa pomoni, hakuna pembe isiyoandikwa.

Asubuhi alizima, akawasha, akakokotoa tena alama ya faili la kwanza na kuilinganisha na daftari, herufi kwa herufi, kidole kikitembea chini ya mstari. Zikalingana. Akapima na nakala za mwisho, nazo zikalingana na faili la asili. Ndipo alipofuta nakala zote, akafunga kasha, akabandika karatasi ndani ya kifuniko: diski inaanzia kwenye kadi, isichomekwe kwenye mazabodi.

Bei yake ilikuwa ya haki, na sehemu kubwa ya bei hiyo ilikuwa ya ule usiku. Nawe ukipeleka diski kubwa iwekwe kwenye mashine ya zamani, usiridhike na namba utakayoonyeshwa. Mwambie fundi aijaze hadi ipite mpaka, asome tena faili la kwanza mbele yako, ndipo umlipe.