Kichupo cha Mwisho

Mtoto alikuwa amepakatwa na mama yake, kidole mdomoni, na kompyuta ilikuwa inasema amekufa.

Nilitoka Kibiti alfajiri, nikafika Nyamisati, nikakaa gatini kungoja maji yajae, maana mashua za delta ya Rufiji hazibishani na maji kupwa. Zahanati niliyoiendea iko ndani kabisa, unaifikia baada ya kukata vijito viwili vilivyozibwa na mikoko pande zote. Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," halafu akaigeuza kompyuta niione. Taarifa ya mwezi ilionyesha vifo vinne vya watoto wachanga ndani ya wiki moja. Wote wanne walikuwa wazima. Alikuwa amewaita mama zao waje siku ile ya kliniki ili nishuhudie kwa macho yangu, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo.

"Mimi nimebofya palepale ninapobofya siku zote," alisema. "Kile cha mwisho."

Alisema kweli. Kosa lilikuwa langu, na upana wake haukuzidi sentimita mbili.

Kichupo ni lile sikio dogo linalochomoza juu ya ukurasa ndani ya dirisha la programu. Asili yake ni majalada ya karatasi ya maofisini. Mwaka 1992, IBM ilipotoa toleo la 2.0 la mfumo wake wa OS/2, wachoraji wake waliweka hata waya wa daftari pembeni ya kurasa, ili mtu aliye mgeni wa kompyuta ajue kwamba hapa panafunuliwa. Windows 95 ikavieneza vichupo dunia nzima. Muuguzi wa Tanzania hahitaji kuelezwa: amekulia kwenye vitabu vya MTUHA vya kuandikia taarifa za zahanati, cha wajawazito peke yake, cha watoto peke yake, na mkono wake unajua kipi kimelala wapi kwenye rafu. Programu niliyoagizwa kutengeneza ilikuwa rafu hiyo. Vichupo sita: Usajili wa Kaya, Usajili wa Wajawazito, Usajili wa Wazazi, Usajili wa Chanjo, Usajili wa Wahamiaji, na cha mwisho, Usajili wa Watoto.

Niliiandika kwa Qt, mkusanyiko wa zana za kuchorea madirisha ulioanzia Norway, kwa sababu programu moja iliyoandikwa kwa zana hizo huendeshwa kwenye Windows, kwenye Linux na kwenye Mac. Kuendeshwa, huendeshwa. Kuonekana ni jambo jingine, na hapo ndipo ulipo ufundi ninaotaka kuusifu, kwa kuwa sijaona ukisifiwa.

Chukua neno moja ulipeleke kwenye mashine tatu. Windows huandika lebo zake kwa fonti ya Segoe UI ya pointi 9, na kwa kuwa pointi 72 huzihesabu kuwa pikseli 96, herufi hupata kimo cha pikseli 12. Mac za zamani huhesabu pointi moja kuwa pikseli moja, na huandika kwa pointi 13. Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux yenye fonti yake ya pointi 11, hukaribia pikseli 15. Pikseli tatu juu ya herufi moja ni kitu kidogo, lakini "Usajili wa Wajawazito" ina herufi 19. Mimi nilikuwa nimewekea kila kichupo upana na kimo kwa namba, namba nilizozipima kwenye mashine yangu ya Windows pale mezani. Nilipofungua programu ileile kwenye Ubuntu, kimo nilichokiweka kilikata chini ya maandishi, mkia wa j ukapotea, na wajawazito wakawa "waiawazito". Hilo nililiona mapema nikalirekebisha kwa kuongeza namba. Ndivyo mtu anavyoziba tundu kwa kidole akadhani chombo kimepona.

Vichupo vikikosa nafasi, kila mfumo una desturi yake. Kwenye Windows na Linux, Qt huviacha vizima na kuweka mishale miwili midogo pembeni, usogeze uone vilivyofichika. Kwenye Mac huvipanga katikati ya dirisha badala ya kuvianzisha kushoto, na visipotosha huyakata maneno mwishoni na kuweka nukta tatu. Zahanati ile ilikuwa imepewa na msamaria mwema MacBook ya zamani ya inchi 13, kioo chake pikseli 1280 kwa 800. Mimi sikuwahi kuiona. Vichupo sita vyote vilisomeka hivi: "Usajili…", "Usajili…", "Usajili…", mpaka mwisho wa mstari.

Hapa Kiswahili chenyewe kinaingia. Kiingereza hutanguliza kinachobainisha: kwanza mtoto, kisha usajili, kwanza kifo, kisha usajili. Ukikikata mwishoni, unapoteza sehemu ambayo yeyote angeikisia. Sisi hutanguliza la jumla na kufuatisha lenyewe. Uzito wa maneno yetu uko nyuma, kama shehena iliyopakiwa tezi, na kisu cha nukta tatu hupita huko huko. Aliyeamua kwamba maneno yakatwe mwishoni hakutukusudia ubaya. Alifikiria kwa lugha yake, nami nikaipokea desturi yake bila kuiuliza swali.

Muuguzi yule hakuwahi kulalamika. Alijifunza kwa kuhesabu: watoto ni kile cha mwisho. Kisha ofisi iliyoniagiza ikataka vifo navyo viandikwe, nikatoa toleo jipya lenye kichupo cha saba, nikakiweka mwishoni. Fomu yake ilifanana na ile ya watoto: jina, jinsia, jina la mama, tarehe. Siku ya kupima uzito alibofya palepale.

Rufiji si mahali pa kukosea takwimu za vifo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la IDRC la Canada, uliuliza swali jepesi: je, fedha za afya za wilaya zinakwenda kwenye maradhi yanayoua watu wa wilaya hiyo? Ili lijibiwe, kuanzia Novemba 1998 wadadisi walipita kaya kwa kaya, kila baada ya miezi minne, katika kata za Kibiti, Bungu, Mchukwi, Ikwiriri, Mgomba na Umwe, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa na kwa dalili zipi. Eneo lake lilikuwa kilomita za mraba 1,813. Waliyoyakusanya yaliingizwa kwenye programu ya mezani iliyojengwa juu ya hifadhidata ya FoxPro. Halafu, na hili ndilo ninalolipenda, walitengeneza zana ya kuyageuza majedwali kuwa michoro ya nguzo, ili timu ya afya ya wilaya ione kwa jicho, bila kukokotoa, malaria inabeba sehemu gani ya mzigo na bajeti inaipa sehemu gani. Wakaona. Fedha zikahamishwa. Ndani ya miaka kama mitano vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya mbili za mradi, Rufiji na Morogoro Vijijini. Dawa, mafunzo na watumishi ndivyo vilivyookoa watoto. Lakini mlolongo huo ulianza kwa mtu kuliona jambo kwenye karatasi au kioo na kulielewa. Ndiyo maana siwezi kukubali mtu akiniambia kwamba sura ya programu ni mapambo.

Siku ile ya kliniki nililala nyumba ya wageni ya kijijini kwa kuwa maji yalikuwa yamekwishatoka. Asubuhi, ufukweni, palikuwa na mafundi wawili wanatengeneza dau. Mzee alikuwa anatia kalafati, anasukumia pamba iliyolowa mafuta kati ya ubao na ubao kwa patasi butu. Nilimuuliza kwa nini haungi mbao zikabanana kabisa tangu mwanzo. Akaniambia ubao mkavu si ubao wa majini: ukilowa unavimba, na usipokuwa na pa kuvimbia utasukuma misumari. Kisha akanionyesha ubavu, jinsi alivyouacha juu kuliko nilivyotarajia kwa chombo cha mtoni. Dau hili litapakia mpunga juu huko mtoni na kuushusha Mafia, na shehena ileile huzamisha chombo zaidi kwenye maji baridi kuliko kwenye maji chumvi. Mzee hakunitajia namba, ila namba ipo: lita ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,025, ya mto gramu 1,000. Anajenga chombo kimoja kwa maji mawili.

Nilirudi Kibiti. Meza yangu iko karibu na barabara kuu ya kwenda Lindi, mabasi yakipita vikombe vinatetemeka. Nikaazima Mac kama ile, nikaziweka mashine tatu sambamba, nikaanza kufuta namba zangu. Ni kazi ya polepole. Kila mfumo unaweza kuulizwa: neno hili, kwa fonti hii, kwenye kioo hiki, lina upana gani? Ukiuliza, unajibiwa sawasawa, pikseli kwa pikseli, na kichupo kinajikatia shati lake chenyewe. Miaka miwili nilikuwa nimeviamuru badala ya kuviuliza. Nilizuia nukta tatu zisikate chochote. Nikaamuru mishale ijitokeze hata kwenye Mac nafasi ikibana. Nikaacha vichupo vya Mac vikae katikati, kwa kuwa aliyezoea Mac huko ndiko macho yake yanakotangulia, na sikuona sababu ya kumfanya mgeni kwenye mashine yake.

Kisha nikafika kwenye maneno, na hapo nilikaa siku nzima. Neno "Usajili" lilikuwa limerudiwa mara saba. Ofisi ililitaka kwa sababu ndivyo fomu zake zilivyoandikwa, na mimi nililitii kama vile ni sehemu ya jina. Nililiondoa mara saba, nikaliweka mara moja, juu kabisa, kwenye kichwa cha dirisha. Yakabaki Kaya, Wajawazito, Wazazi, Chanjo, Wahamiaji, Watoto, Vifo. Yalienea kwenye mashine zote tatu na nafasi ikabaki. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, watu wengi walishangaa kuona Kiswahili kikiamrisha kompyuta, na wapo waliosema maneno yetu ni marefu mno kwa vitufe. Baada ya siku ile sikubaliani nao. Kiswahili kina neno fupi kwa kila kimoja kati ya vichupo hivyo saba. Urefu ulitoka ofisini.

Kichupo cha vifo nilikitenga, kikawa na ukurasa wenye rangi tofauti, na kabla ya kuhifadhi kinalitaja jina la marehemu na kuuliza kama ndiye. Uandishi wa kifo unastahili kusimamishwa kidogo.

Wiki iliyofuata nilikwenda tena, bamvua limejaa, safari ikawa fupi. Tuliwarudisha wale watoto wanne mmoja mmoja, muuguzi akisoma jina kwa sauti, mimi nikifuta, yeye akiandika upya. Nilikaa pembeni nikamwachia kipanya. Mwanamke wa kwanza kwenye foleni alimtundika mwanawe kwenye mzani, mtoto akapiga kelele za kutosha kusikika gatini.

"Kilo tisa na nusu," muuguzi akasema. Akasogeza kichwa karibu na kioo, akasoma mstari wote kutoka kushoto kwenda kulia huku midomo ikicheza, akabofya Watoto.