Kikwembe Usoni

Mama mlezi anajifunika uso kwa kikwembe. "Mama eko wapi?" sauti inauliza kutoka nyuma ya kitambaa. Mtoto wa miezi kumi anakodoa macho. Kikwembe kinashuka, uso unarudi, mtoto anaangua kicheko. Mchezo huu kila bibi anaujua, na pengine ndiyo sababu hakuna anayeuhesabu kuwa ufundi.

Mimi nauhesabu. Tazama pale katikati, uso ukiwa umefichika. Mlezi asiyejua kazi hukaa muda uleule kila mara. Mjuzi hupima. Kwa mtoto aliyefika jana, hujifunika kufumba na kufumbua tu, tena huacha jicho moja nje. Kwa aliyemzoea, hukawia kidogo, mpaka mtoto mwenyewe anyooshe mkono kuvuta nguo. Akizidisha hapo, kicheko kinageuka kilio. Kipimo hicho hakimo kwenye daftari la zamu.

Bweremana, kwenye ukingo wa Ziwa Kivu huko Masisi, mashariki mwa Kongo, kipimo hicho kina uzito wake. Februari 2024 vita vilifika Shasha na kukata barabara ya Sake. Wa kwenda Goma wakategemea njia ya maji. Januari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Minova, jirani kabisa. Katika kukimbia namna hiyo mikono huachana. Mtoto anayeishia kwenye familia ya mapokezi, au kituoni, ameshaona uso ukitoweka bila kurudi. Ndipo anakuja mtu mgeni na kujificha mbele yake, kwa makusudi! Ni ujasiri, na kwa asiye na mkono mwepesi ni ukatili.

Watoto wakubwa hawadanganyiki kwa kikwembe. Goma kuna shirika la CAJED, ambalo limepokea watoto waliotoka kwenye makundi yenye silaha. Kijana wa miaka 14 aliyebeba bunduki ukimwambia "njoo tucheze" atakutazama kama mtu aliyepotea njia. Mlezi hodari hamwiti. Anakaa chini na magome makavu ya mgomba, anajaribu kusuka mpira, anakosea. Kijana anavumilia, anavumilia, mwisho anamnyang'anya: haufungwi hivyo. Sijui kama mlezi alikosea kweli. Mafundi wa kazi hii hawasemi.

Wasimamizi watauliza muda utatoka wapi, mlezi mmoja akiwa na watoto wanane, ndoo za maji na sufuria ya uji. Swali ni la haki. Emmi Pikler, daktari aliyefungua nyumba ya watoto mtaa wa Lóczy, Budapest, mwaka 1946, hakuwaongezea walezi wake saa ya michezo. Aliwafundisha kuogesha bila haraka: mwambie mtoto unachotaka kufanya, ngoja anyooshe mkono mwenyewe, kisha ndipo umvishe. Mengine mtoto atacheza peke yake, akijua zamu yake ya kuogeshwa inakuja. Kungoja mkono wa mtoto ni kikwembe kilekile.

Watafiti wa Bucharest nao, kuanzia mwaka 2000, waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Romania, nusu yao wakapelekwa kwenye familia. Waliopelekwa walikua vizuri zaidi kiakili, hasa waliotoka vituoni kabla ya miaka miwili. Chakula na vitanda vituoni vilikuwepo. Wa kuwaitikia ndio walikuwa haba. Na zamu ikibadilika, anayeitikia leo kesho hayupo. Hilo halitibiwi kwa vinyago vya msaada, hata vije gunia zima.

Basi nirudi kwenye kikwembe. Wiki zinapita, mama mlezi amechoka, amekaa tu, hachezi na mtu. Mtoto anatambaa mpaka kwenye paja lake, anaikamata nguo kwa mikono miwili na kumtupia kichwani. Anasubiri. Chini ya kikwembe mama ametulia, hajifunui, kwa sababu safari hii atakayeamua arudi lini si yeye.