Je, Mshindi Ndiye Mwenye Haki? Uhakiki wa Hukumu ya Shauri la Matovu

Katika shauri la Matovu la mwaka 1966, Mahakama Kuu ya Uganda ilitakiwa kujibu swali linalowahusu wanasheria na wanatheolojia pia: je, serikali iliyoivunja katiba yaweza kuwa halali? Milton Obote alikuwa ameiweka kando katiba ya mwaka 1962 na kuleta nyingine mwezi Aprili 1966. Jaji Mkuu Udo Udoma na wenzake waliegemea nadharia ya Hans Kelsen: mapinduzi yakifaulu, na watu kwa jumla wakizitii amri mpya, msingi wa zamani wa sheria umekufa na mwingine umezaliwa. Basi katiba mpya ikahesabiwa kuwa halali.

Hoja hiyo ina uzito wake. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoitwaa Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, utawala wa Wajerumani ulikoma hapa Rungwe, lakini ndoa hazikuvunjika wala mashamba hayakukosa wenyewe. Maisha ya watu hudai utaratibu, hata mtawala akibadilika. Tena katiba ya zamani nayo si takatifu. Huko Zanzibar, katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha ASP kilipata zaidi ya nusu ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 hayaeleweki pasipo jambo hilo.

Hata hivyo, twaona kasoro kubwa katika hukumu hiyo. Kelsen mwenyewe alifundisha kwamba kutiiwa ni sharti la uhalali, si uhalali wenyewe. Mahakama iliyachukua maelezo ya jinsi mambo yalivyo ikayafanya kibali. Wala haikupima vya kutosha ni utii wa namna gani. Mei 24, 1966 jeshi lilikuwa limelishambulia jumba la Kabaka. Kimya cha watu baada ya bunduki si ridhaa. Nao wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe: Januari 25, 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na kwa kipimo kile kile naye angehesabiwa halali. Ndiyo maana kifungu cha 3 cha katiba ya Uganda ya mwaka 1995 chasema kwamba katiba hiyo haipotezi nguvu yake hata ikipinduliwa.

Wahubiri nasi tu hatarini kuanguka katika kosa hilo hilo tusomapo Warumi 13, kana kwamba Mtume Paulo alisema kila aketiye kitini amehesabiwa haki. Paulo aipa mamlaka kazi: kuwa mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Maungamo ya Augsburg, kifungu cha 16, yafundisha kuitii serikali, isipokuwa inapoamuru dhambi. Na Matendo 5:29 yaweka mpaka huo huo.

Kwa hiyo, tunapoiombea serikali madhabahuni hatupigi muhuri juu ya njia iliyoiingiza madarakani. Askofu Mkuu Janani Luwum hakumnyang'anya Amin madaraka. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia kupinga dhuluma, na mwezi Februari 1977 akauawa. Alitambua ni nani anayetawala. Hakukubali kwamba kutawala ndiko kuwa na haki. Tofauti hiyo ndiyo hukumu ya Matovu iliyoifuta, nayo ndiyo tupaswayo kuifundisha.